Kiapo cha Bega

Tenório alikuwa usingizini mwaka wa tatu sasa.

Alilala kando ya moto Jumamosi ile ya mwisho kabla Evandro hajaondoka mjini Pelotas, na tangu hapo hakuna aliyemwamsha. Wenzake wakihama kambi wanampakia juu ya nyumbu, wanamfunga blanketi, wanapanda naye milima na kushuka naye mabonde. Wakivamiwa na majambazi wanamficha kichakani kwanza ndipo wapigane. Nilza alishasema mara nyingi kwamba nyumbu yule angejaliwa mdomo angewatukana wote. Lakini Graziela hakutaka kusikia habari ya kumwacha njiani, na kwa kuwa hakuna sheria waliyoijua iliyokataza, Tenório akaendelea kubebwa.

Usishtuke, msomaji. Tenório si mtu wa nyama na damu. Ni mtu wa mchezo tu, mchezo usio na ubao wala kete za kusukuma. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani yake, anamsemea na kumwamulia, na penye shaka dadu ndiyo inayokata shauri. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikutana chumba cha nyuma cha duka la Dirceu Weber, fundi wa kufuli, mnene, mpole, mwenye sauti kumi na mbili kooni. Dirceu ndiye msimulizi. Nilza Farias, muuguzi, alikuwa na mpiga mishale. Graziela Bortolin alikuwa na Jurema, mganga. Na Evandro Kuhn alikuwa na Tenório wake wa upanga, mpaka alipopata kazi ya injini za meli huko Belém, kaskazini kabisa mwa nchi, akaenda zake.

Sasa sheria mpya zilikuwa zimetoka. Waliotunga mchezo walikaa chini wakarekebisha mambo chungu nzima, wakachapisha kitabu kipya chenye jalada jekundu, na Dirceu akakinunua. Humo imeandikwa wazi kabisa: mhusika ambaye mwenyewe hayupo mezani asiachwe amelala. Mwenyewe aje ampe mwisho. Dirceu akamtumia Evandro ujumbe. Evandro akajibu kwamba bahati nzuri anakuja kumchukua baba yake wahamie wote Belém, nyumba imeshauzwa, na Jumamosi atapita.

Graziela alipoambiwa alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya shaba, anakoroga maziwa na sukari. Aliendelea kukoroga. Kazi yake ilikuwa vitamutamu vya harusi, vile vikeki viwili viwili vinavyobandikwa kwa maziwa mazito, ambavyo watu wa kwao wanaviita walioana vema. Amevitengeneza kwa maelfu, amewalisha maharusi wa mji mzima. Yeye mwenyewe ana miaka thelathini na minne, na jioni akifunga jiko anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, akiwasha redio ili asikie mtu anaongea.

Zamani hakuwa peke yake. Alikuwa na mama yake, Bi Zulmira, na Bi Zulmira alikuwa hamtaki Evandro. Hakuwahi kusema simtaki. Alikuwa anaugua tu. Evandro akija mlangoni, Bi Zulmira anashikwa na kifua. Evandro akimwalika Graziela kwenda kutembea ufukweni mwa ziwa, presha ya Bi Zulmira inapanda. Na akipata nafuu anauliza, kwa upole kabisa, mwanaume mzima anayerusha dadu Jumamosi, Jumatatu atamlisha mke wake nini. Mwezi wa nne mwaka huu mama wa watu akaugua kweli, akafariki. Toka siku hiyo Graziela aligundua kwamba nyumba ikinyamaza sana masikio yanawasha.

Basi moyo wake ulikuwa umejiandalia jambo. Evandro atakuja. Tenório ataamka. Mchezo ukiisha, Graziela atamwambia: mama hayupo tena, mimi niko huru, ukinitaka bado nitafunga jiko nikufuate. Sentensi hiyo aliisema bafuni, aliisema jikoni, aliisema akikunja mashuka. Jumamosi ikafika, akavaa sweta ya bluu, akaweka vikeki kwenye boksi, akatoka na ile baridi ya Julai inayofanya kuta zitoke maji.

Akakuta Dirceu ameshapanga viti vinne. Cha Evandro kilikuwa pale pale pa siku zote, ubavuni mwa kiti chake, kimegusana nacho.

Na hapo ndipo ilipokuwa siri ya ile meza. Katika mchezo wao kulikuwa na sheria moja waliyoipenda kuliko zote, wakiiita kiapo cha bega. Wahusika wawili wakiapishana, jeraha la mmoja linagawanywa kwa wote wawili. Ila sharti lake, wachezaji wenyewe wakae ubavu kwa ubavu, na wakati wa kurusha dadu mabega yao yagusane. Jurema na Tenório waliapishana siku ya kwanza kabisa. Kwa miaka sita, kila Jumamosi, Graziela alikaa bega lake la kushoto likiegemea bega la Evandro Kuhn, na Bi Zulmira hakuwa na la kusema kwa sababu hakuwepo na hakujua.

Evandro aliingia huku akipangusa mvua usoni. Alikuwa amekonda, jua la kaskazini limemchoma, nywele amezikata fupi mno. Akamkumbatia Dirceu, akataniwa na Nilza kwamba huko Belém inaonekana wanakula upepo. Kisha akageuka. Macho yake yakakutana na ya Graziela, yakakaa hapo kitambo, na Graziela akamsogelea. Akampa mkono. Evandro akaushika kwa mikono yake miwili, akamwambia pole ya mama, akauachia.

Halafu akavuta kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza, karibu na Nilza, akakaa.

"Kiti chako hiki hapa," Graziela akasema.

"Hapa panatosha, Grazi. Nisiwasumbue."

Nilza akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akahamisha mfuko wake wa dadu kumpisha Evandro.

Dirceu akapitisha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao inayofyonzwa kwa mrija, katika kibuyu chake, kama kawaida, mmoja anakunywa anarudisha, anajaziwa mwingine. Evandro wa zamani alikuwa hachoki, angeweza kumaliza birika zima. Safari hii alipokea mara moja tu, akarudisha kibuyu, akasema asante. Na kwa watu wa kule ukishasema asante kwenye mate, umemaliza, hupewi tena. Graziela alilisikia neno hilo likampita kifuani.

Wakaanza. Nilza alikuwa amepewa kazi ya kusoma yale mapya, na aliisoma kwa sauti ya karani wa mahakama. Pumzi za kila mhusika, yaani uhai wake, zimepunguzwa. Mishale haiokotwi tena bure. Mtu akiishiwa pumzi kabisa, anarusha dadu moja ya pande ishirini peke yake, na huo unaitwa mkono wa mwisho. Akipata kumi na tano kwenda juu anapona na kubaki na pumzi moja, akipata chini ya hapo amekwenda, na hakuna mwenzake anayeruhusiwa kusaidia. Graziela akasema walioandika hayo hawana mama. Nilza akamwambia asubiri, kuna la kuliza zaidi: anayeuaga mchezo anapewa neno la kuagana. Anamchagua mwenzake mmoja, anamwambia neno lake, huyo mwenzake anamjibu mara moja, basi. Likishatoka jibu, aliyeaga ameshaondoka, hasemi tena mezani.

"Yaani hata akitukanwa ndiyo basi?" Dirceu akauliza.

"Ndiyo basi. Chagua vizuri wa kumuaga, bwana Evandro, mimi nina majibu yangu nimeyatunza miaka mitatu."

Wakacheka wote wanne, na kwa muda chumba kile kikawa kama zamani.

Dirceu akazima taa kubwa, akaacha ile ya mezani, akashusha sauti. Akasimulia wako kwenye ukingo wa mto uliofurika. Akamuuliza Evandro kama Tenório anaamka. Evandro akasema anaamka, anauliza yuko wapi na kwa nini ananuka nyumbu. Wakafunga kamba ya kuvukia. Maji yakapanda. Dirceu akarusha dadu yake nyuma ya mkono, akamtazama Graziela kwa huruma.

"Gogo limekuja na maji," akasema. "Limempata Jurema mbavuni. Jeraha la pumzi kumi na moja."

Jurema alikuwa na pumzi saba. Graziela hakufikiri mara mbili, mwili wake ndio uliofikiri. Akavuta kiti kile kitupu, akakipiga kiganja.

"Evandro, njoo huku. Tugawane."

Evandro hakuinuka. Nilza akaanza kupekua kitabu chekundu, akapekua tena, na uso ukamlegea. Akamwambia shoga yake kwamba humu kiapo cha bega hakipo. Ameangalia mwanzo, ameangalia mwisho, hakipo kabisa.

Hapo Graziela akawaka. Sikumbuki Graziela wa watu kupandisha sauti hata siku moja, lakini siku ile aliipandisha. Akasema hao warekebishaji ni watu gani, wanakaa wapi, wana wake, wana waume, au wanakula karatasi. Kwamba wamepunguza pumzi amekubali. Mishale amekubali. Lakini kiapo cha bega kilikuwa kinamdhuru nani? Ndicho kitu pekee katika mchezo mzima kilichokuwa na utu ndani yake, nacho wamekiona wakakifuta.

"Ngoja," Dirceu akasema, ili apoe. "Pengine wamekibadilisha jina tu. Tuone cha zamani kilivyosema."

Akainuka, akaenda kabatini, akatoa kitabu cha zamani, kile cha kijani kilichobandikwa gundi mgongoni. Akakifungua chini ya taa. Akatafuta penye majeraha. Akatafuta penye viapo. Akalamba kidole, akarudi nyuma. Graziela akamnyang'anya, akatafuta mwenyewe, na hapo tu ndipo alipotambua kwamba kitabu hicho hakuwahi kukisoma maisha yake. Hakuna aliyekisoma ila mmoja. Siku ya kwanza Evandro ndiye aliyekisoma akawafundisha, na wao wakacheza kwa kinywa chake mpaka leo.

"Mnajisumbua," Evandro akasema. Alikuwa ameinamia meza. "Haimo. Na haikuwahi kuwemo."

Dirceu akamkazia macho. "Lakini ulitusomea, bwana. Nakuona mpaka leo. Ulifungua ukurasa ukasoma, mpaka ile ya mabega yagusane."

"Nilifungua ukurasa wa bei za farasi."

Nilza akaangua kicheko, kikubwa, cha tumboni. Kisha akamwona Graziela, na kicheko kikamfia mdomoni. Dirceu akasema maji ya mate yamepoa, anakwenda kuyapasha. Nilza akasema anakwenda kumsaidia. Birika lile lingebebwa na mtoto, lakini wakatoka wote wawili wakaurudisha mlango.

Mvua ilikuwa inapiga bati la uani. Graziela alikuwa bado ameshika kitabu.

"Kwa nini, Evandro?"

"Siku ile ya kwanza ulikuwa unatafuta koti lako." Alisema taratibu, bila kumtazama. "Mbwa mwitu alikuwa amemmaliza Jurema hata saa haijaisha, na nilikusikia ukimwambia Nilza mchezo wenyewe wa kipuuzi, bora ungebaki nyumbani. Nikajua ukitoka mlango ule hurudi. Basi nikasema ngoja, kuna sheria."

"Na mabega?"

"Mabega niliongeza." Kitabasamu kikampita. "Nilishaanza kudanganya, nikaona nidanganye vizuri."

Graziela akataka kucheka, akashindwa. Alikuwa ameiona stendi ya mabasi mbele yake, ile asubuhi ya Evandro kuondoka. Evandro alikuwa amemwomba waende wote. Na yeye, akiwa ameacha mama kitandani ameshika kifua, alitafuta la kumuumiza. Alimwambia: wewe umenizoea tu, Evandro, kwa sababu sheria ilikukalisha ubavuni mwangu. Huko unakokwenda hakuna sheria, utanisahau. Evandro alifungua mdomo siku ile. Akaufunga. Akapanda basi.

"Pale stendi," Graziela akasema. "Nilivyokwambia vile. Ulikuwa unajua. Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Grazi? Kwamba sheria yenyewe niliitunga mimi? Kwamba miaka sita nimekuwa nakudanganya kila Jumamosi ili nikuguse bega? Mama yako alikuwa ananiona tapeli bila kunijua. Ningempa sababu."

"Ungeniambia mimi. Si mama."

"Haya, ningekwambia." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ningekwambia pale pale, basi likiwa linanguruma. Ungekuja?"

Hilo swali lilikuwa jepesi, na wanawake wengi wangelijibu hapo hapo. Graziela hakuwa mwanamke wa kusema uongo. Alimwona mama yake amekaa kitandani na shali yake, akiuliza kama chakula cha jioni kitachelewa. Akatafuta ndani ya moyo wake ni nani angeshinda asubuhi ile, na hakumwona mshindi. Akakaa kimya. Na Evandro akauchukua ukimya ule, akautikisia kichwa, akaupokea kama jibu.

Graziela akaona mlango unafungwa, akakimbilia ile sentensi yake ya bafuni.

"Mama hayupo tena, Evandro. Nimekuwa nikifikiri, sasa kwa vile niko peke yangu..."

"Naoa mwezi wa tisa," Evandro akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema haraka, ili asimwache aendelee kujivua nguo mbele yake. Akaeleza kidogo, kwamba anaitwa Socorro, ni mwalimu, ana nyumba yenye uwanja, na baba yake Evandro atapata pa kukaa kivulini. Ni mtu mwema sana. Wakati anaeleza alikuwa amechukua kikeki kimoja bila kujua kutoka kwenye boksi la Graziela, anakigeuzageuza. Akakitazama, akakumbuka kinaitwaje, akakirudisha.

"Anajua kucheza?" Graziela akauliza. Hakujua kwa nini aliuliza hilo kati ya maswali yote ya dunia.

"Hajui. Anasema dadu ni mambo ya watoto."

"Kumbe ungempeleka kwa mama. Wangeelewana."

Wakacheka. Kidogo tu, wote wawili kwa pamoja, kama walivyokuwa wakicheka, na hicho kicheko ndicho kilichomuumiza Graziela kuliko habari yenyewe ya harusi. Angetamani Evandro awe amebadilika. Angetamani aje mtu mwingine, mwenye maringo, amchukie, amalize. Lakini alikuwa yeye yule, mpaka namna ya kukwaruza kidevu, ila si wake.

Dirceu akakohoa mlangoni kabla ya kuingia, wakarudi na birika. Nilza alimwangalia shoga yake usoni, akaona kila kitu, akakaa. Dirceu, kwa wema wake, akasema yeye ndiye msimulizi na meza ni yake, wakitaka kiapo cha bega kiwepo kitakuwepo, hao wenye kitabu chekundu hawatakuja Pelotas kuwafunga.

"Hapana," Graziela akasema. "Tumesema tunahamia sheria mpya. Tuhamie."

Akaivuta dadu ya pande ishirini. Jurema alikuwa ndani ya maji, pumzi zimemwisha, na alihitaji kumi na tano. Na hapo Evandro, mkono wake wenyewe bila kumuuliza, ukanyooka kuvuka meza kuifuata dadu ile. Miaka sita si mchezo, mwili unakumbuka. Graziela akaifunika kwa kiganja. Vidole vya Evandro vikafika juu ya mkono wake, vikakaa, vikiwa na joto.

"Acha," akamwambia. "Hili langu."

Evandro akaurudisha mkono wake.

Akarusha. Dadu ikagonga kibuyu, ikazunguka, ikazunguka tena kwa kujidai, ikatulia. Kumi na sita. Nilza akashusha pumzi kwa kelele. Dirceu akasimulia, kwa ile sauti yake nzito, jinsi Jurema alivyolishika gogo lile lile lililompiga, akalikumbatia, akatupwa nalo ukingoni, akatambaa kwenye matope akikohoa maji. Hakuna aliyemvuta. Akasema na Tenório naye amefika ng'ambo, amesimama, nguo zinamchuruzika.

"Haya, Evandro," Dirceu akasema. "Anaelekea wapi?"

"Kaskazini. Kuna barabara inayokwenda kaskazini?"

"Ipo."

"Basi anaishika hiyo." Evandro akaanza kukusanya dadu zake, moja moja, akizitia mfukoni. "Na neno langu la kuagana namwambia Jurema."

Nilza akaweka mkono wake kwenye goti la Graziela, chini ya meza.

"Jurema," Evandro akasema, na hakujaribu kuigiza sauti yoyote. "Ulinibeba juu ya nyumbu muda wote huu, wala sikustahili. Kuna watu wangeniacha mlima wa kwanza. Asante."

Ilikuwa zamu ya Graziela. Jibu moja, kisha basi. Alikuwa na majibu mengi ya heshima. Angeweza kumtakia safari njema. Angeweza kumpa pole na pongezi, angeweza kufanya utani wa nyumbu wakacheka, akaenda nyumbani na uso wake mzima. Akamtazama. Alitazama yale mabega, koti lina maji, na akajiuliza tena lile swali, safari hii bila mama, bila shali, bila chakula cha jioni. Akamweka Evandro pale stendi, basi linanguruma, amekunja uso anamwambia: niliitunga, Grazi, ili nikae karibu yako. Akayasikia maneno yale masikioni mwake yakisemwa siku ile. Na akauona mguu wake mwenyewe ukipanda ngazi ya basi.

"Ningekuja," akasema.

Dirceu akauliza angekuja wapi, kwani Jurema anataka kwenda kaskazini? Nilza akampiga teke.

Evandro alikuwa ameinuka nusu, akabaki hivyo, mkono mmoja kwenye kiti. Rangi ilimtoka usoni, hata lile jua la Belém likatoka. Akafungua mdomo. Graziela alimwona akifungua mdomo, akashika ukingo wa meza, kwa kuwa alijua, na Nilza alijua, kwamba neno moja tu likitoka pale, Socorro ataolewa na mtu mwingine au hataolewa kabisa. Dirceu naye hatimaye akaelewa. Akakifunga kile kitabu chekundu, akakisukuma mbali.

"Sema, bwana," akamwambia, karibu kumbembeleza. "Mimi ndiye msimulizi. Ukitaka kusema, sema. Nani atatuuliza?"

Evandro akamtazama Dirceu. Akamtazama Graziela, kwa muda mrefu, na machozi yalikuwa yamemjaa. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta kile kitabu chekundu, akakiweka katikati ya meza, akaweka kiganja juu yake. Akatikisa kichwa. Akavaa kofia yake, akamshika Dirceu bega, akamshika Nilza bega, akazunguka meza kwa upande wa mbali, akatoka. Walimsikia akipita dukani, kengele ya mlango ikalia, kukabaki mvua.

Mtu yule yule aliyewahi kutunga sheria ili mwanamke asichukue koti lake, leo hakutunga yoyote.

Wakakaa. Dirceu hakujua afanye nini na mikono yake, akamimina mate, akampa Graziela, naye akanywa mpaka kibuyu kikanguruma, akakirudisha bila kusema asante, akajaziwa tena. Nilza alitaka kumkumbatia lakini alimwona amekaa wima mno. Mwishowe msimulizi akarudi kwenye kazi anayoijua.

"Mko ukingoni," akasema kwa sauti ya chini. "Mvua imekatika. Tenório haonekani tena barabarani. Nyumbu yupo pale anakula majani, hana mzigo. Jurema anafanyaje?"

Graziela akafikiri.

"Anamshika kamba. Wanaondoka."

"Amechoka sana yule, ana pumzi moja. Anapanda?"

"Hapana," Graziela akasema. "Nyumbu amebeba vya kutosha. Anatembea."

Akaivuta karatasi ya Jurema, akafuta pumzi saba, akaandika moja.